Magitaa Bila Umeme, Mgonjwa Mbele ya Kamera: Kulitazama Upya Onyesho la Alice in Chains

Tarehe 10 Aprili 1996, katika ukumbi wa Majestic wa Brooklyn Academy of Music jijini New York, bendi ya Alice in Chains ilipiga muziki wake mbele ya hadhira ndogo na kamera za televisheni ya MTV. Bendi hiyo ilikuwa imekaa takriban miaka mitatu bila kufanya onyesho kamili. Mwimbaji wake, Layne Staley, alikuwa na umri wa miaka 28 na alikuwa mgonjwa wa uraibu wa heroini. Jambo hilo halikuwa siri: wenzake jukwaani walilijua, waandishi wa habari walikwisha kuliandika, na wengi wa waliokaa ukumbini walikuja wakijiuliza kama angeweza kusimama na kuimba. Aliimba. Miaka sita baadaye alifariki dunia. Kilichobaki ni picha na sauti za usiku ule, ambazo leo hutazamwa kwa simu ya mkononi popote penye mtandao, pakiwemo Guta, kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Bunda.

Mtu anaweza kuuliza jarida la afya lina haja gani na bendi ya roki ya Marekani. Haja ipo. Mhudumu wa afya hukutana na mwenye uraibu katika saa zake mbaya kuliko zote: ameletwa na polisi, amebebwa na ndugu akiwa hana fahamu, au amejikunja kwenye benchi la wagonjwa wa nje akitoka jasho na kutapika. Ni nadra sana kumwona mtu huyohuyo akiwa kazini kwa zaidi ya saa moja, akifanya jambo analoliweza. Onyesho la Brooklyn linatoa nafasi hiyo, na linaonyesha pia jinsi watu wema walivyoweza kumzunguka mgonjwa wakampigia makofi, kisha ugonjwa ukaendelea kama kawaida.

Muziki wa Seattle na nyuzi za Mara

Alice in Chains ilianzishwa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, mwaka 1987. Pamoja na Nirvana, Pearl Jam na Soundgarden, ilikuwa miongoni mwa bendi zilizoutangaza duniani mtindo wa roki uitwao granji, wenye magitaa ya umeme yanayokwaruza, ngoma nzito na mashairi ya huzuni na hasira. Albamu yake ya mwaka 1992, Dirt, ilizungumzia heroini waziwazi kuliko albamu nyingi za wakati wake.

Mfululizo wa MTV wa maonyesho yasiyo na vyombo vya umeme ulikuwa na sharti moja: magitaa ya mbao, bila mitambo ya kuyakuza na kuyavuruga mlio. (Maikrofoni ziliruhusiwa, bila shaka, sharti halikuwa kali hivyo.) Nirvana walikwisha kupita hapo tarehe 18 Novemba 1993, miezi michache kabla ya Kurt Cobain kujiua. Kwa bendi iliyozoea kelele, sharti hilo lilikuwa mtihani. Gitaa la umeme ni pazia, na nyuma yake mwimbaji anaweza kuficha pumzi fupi, neno lililosahauliwa au sauti iliyochoka.

Msomaji wa Mkoa wa Mara hahitaji maelezo marefu juu ya hili. Anayeijua nyatiti ya Wajaluo wa Rorya, yenye nyuzi nane, au litungu la Wakurya, anafahamu kwamba mpigaji akishaketi na chombo chake hana pa kujificha. Koo likikwama, waliokaa mbele husikia. Kidole kikiteleza, husikia pia. Ndiyo maana wazee humsikiliza mpigaji wa nyuzi kwa namna tofauti na wanavyosikiliza muziki wa spika za harusini: wanasikiliza wimbo na wanamsikiliza mtu.

Usiku wa Brooklyn

Onyesho lilianza na Nutshell, wimbo wa polepole kutoka katika rekodi fupi ya mwaka 1994 iitwayo Jar of Flies. Wanamuziki waliingia jukwaani kidogo kidogo, na Staley akaja akiwa wa mwisho, amevaa nguo nyeusi, nywele zimepakwa rangi, mwili umekonda. Aliketi juu ya kiti kirefu na kwa muda mwingi hakusogea. Katika baadhi ya nyimbo alivaa miwani myeusi. Jerry Cantrell alipiga gitaa na kuimba naye, Mike Inez alipiga gitaa la besi, Sean Kinney akawa kwenye ngoma, na Scott Olson aliongezwa kusaidia gitaa.

Sauti ilikuwepo. Hilo ndilo jambo la kwanza linalomshangaza mtazamaji aliyeambiwa kwamba ataona maiti inayotembea. Ilikuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa katika albamu za awali, na ilibeba uchovu, lakini iligonga noti zake, na ilipokutana na sauti ya Cantrell, ikawa moja chini na nyingine juu zikikaribiana mno, ukumbi ulinyamaza. Katika wimbo mmoja, Sludge Factory, Staley alikosea maneno mwanzoni, akatoa tusi la kujilaumu, wimbo ukasimama na kuanzwa upya. Hadhira ilicheka naye, haikumzomea. Baadaye aliwaambia watu kwamba hilo lilikuwa onyesho lao bora katika miaka mitatu. Kinney akamjibu kutoka kwenye ngoma kwamba lilikuwa pia onyesho lao pekee katika miaka mitatu. Mzaha huo unafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba uraibu humfuta mtu. Staley wa usiku ule alikuwa na aibu, na ucheshi, na kumbukumbu ya nyimbo kumi na tatu, na marafiki waliojua namna ya kumtania.

Kuna wimbo mmoja ambao ni mgumu kuutazama mara ya pili. Would? uliandikwa na Cantrell akimkumbuka Andrew Wood, mwimbaji wa bendi ya Mother Love Bone ya hukohuko Seattle, aliyefariki Machi 1990 akiwa na umri wa miaka 24 baada ya kuzidisha heroini. Ni wimbo unaowaelekea wale walio wepesi wa kuhukumu. Kule Brooklyn, Cantrell na Staley waliupokezana: mmoja akimlilia rafiki aliyekufa kwa ugonjwa fulani, mwingine akiwa na ugonjwa uleule mwilini.

Wagonjwa wawili jukwaani

Jambo moja husemwa tu kama kisa cha kuchekesha katika simulizi za onyesho hilo, nalo linastahili uzito zaidi katika jarida la namna hii. Cantrell naye alikuwa mgonjwa siku ile. Alikula chakula kilichomdhuru kabla ya onyesho na akapiga gitaa usiku mzima huku tumbo likimsokota.

Basi jukwaani walikuwa wagonjwa wawili. Ugonjwa wa mmoja uliweza kutajwa bila woga: tumbo limeharibika, pole, kunywa maji, pumzika. Ugonjwa wa mwingine ulikuwa mkubwa mara nyingi zaidi, kila mtu aliuona, lakini haukuwa na lugha ya kawaida ya kuutaja katika ukumbi ule. Pengo hilo ni la Guta na Bunda na Musoma kama lilivyo la New York. Mtu akiumwa tumbo, jirani huuliza hali. Mtu akiwa na uraibu, jirani humwita teja, na neno hilo likishatamkwa hakuna tena anayeuliza alilala vipi.

Hapa panahitajika tahadhari. Mhudumu wa afya hapaswi kumpima mtu kwa video. Mwili uliokonda una sababu mia moja, na miwani myeusi jukwaani mara nyingi ni mtindo tu. Hali ya Staley inajulikana kwa sababu yeye mwenyewe aliizungumzia na kwa sababu ya taarifa rasmi za kifo chake. Kumtazama kijana wa kijijini na kusema moyoni kwamba bila shaka anatumia unga, eti kwa kuwa amekonda na anasinzia, ni kosa ambalo limewahi kuchelewesha utambuzi wa kifua kikuu, kisukari na UKIMWI.

Staley aliuona upande mwingine wa jambo hili. Katika mahojiano na jarida la Rolling Stone mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1996 alieleza kwamba hakutaka mashabiki waione heroini kuwa kitu cha fahari, lakini baadhi yao walimfuata na kumwonyesha dole gumba, wakimwambia kwa furaha kwamba nao wamelewa. Nyimbo alizoziandika kama onyo zilipokewa kama mwaliko. Hapa ipo hoja kwa wanaotunga nyimbo na michezo ya kuigiza ya elimu ya afya: uzuri wa kazi yenyewe unaweza kulimeza onyo lililomo, na mtunzi akaja kujua hilo akiwa amechelewa.

Ugonjwa wenyewe

Heroini ni dawa ya jamii ya afyuni. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini na kushika vipokezi vya ubongo vinavyosimamia maumivu, raha na pumzi. Kwa kuwa hushika pia sehemu inayosimamia pumzi, kifo cha kuzidisha dozi huwa ni kifo cha kukosa hewa: pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya kalamu, kisha moyo husimama.

Kwa anayetumia kila siku, ubongo huzoea. Dozi ya jana haitoshi leo. Akikosa dawa, ndani ya saa sita hadi kumi na mbili huanza kile ambacho watumiaji wa mijini hukiita arosto: makamasi, machozi, jasho, baridi, maumivu ya mifupa, kuhara, kukosa usingizi, na hamu inayoshinda njaa. Hali hiyo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na hupungua baada ya wiki moja hivi. Ndugu wengi hudhani kwamba mgonjwa akivumilia wiki hiyo amepona. Hapo ndipo hatari inapozidi. Mwili umeshapoteza uzoefu, lakini hamu haijaondoka. Anayerudi kwenye dozi yake ya zamani baada ya kutoka gerezani, hospitalini au katika nyumba ya upataji nafuu anaweza kufa kwa kiasi ambacho mwezi mmoja uliopita kisingemfanya hata asinzie.

Staley aliwahi kuingia katika vituo vya matibabu zaidi ya mara moja. Kurudia matumizi baada ya tiba ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa huu, kama sukari inavyoweza kupanda tena kwa mgonjwa wa kisukari aliyekuwa ameidhibiti. Mgonjwa wa kisukari hafukuzwi kliniki kwa sababu hiyo.

Kinachouma zaidi ni jiografia. Katika jiji lilelile la New York, miaka thelathini kabla ya onyesho, Vincent Dole na Marie Nyswander walikuwa wameonyesha kwamba methadoni, dawa ya kumeza ya jamii ya afyuni inayokaa mwilini kwa muda mrefu, inaweza kumwondolea mwenye uraibu wa heroini arosto na hamu, akarudi kazini na nyumbani kwake. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1965. Naloksoni, dawa inayoondoa heroini katika vipokezi vyake na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache, ilikuwa imeidhinishwa Marekani tangu 1971. Sayansi ilikuwepo mjini usiku ule.

Siku kumi na nne

Baada ya Brooklyn bendi ilifanya maonyesho machache tu. La mwisho la Staley lilikuwa Kansas City tarehe 3 Julai 1996. Mnamo Oktoba mwaka huo aliyekuwa mchumba wake, Demri Parrott, alifariki, na Staley akazidi kujifungia nyumbani. Albamu ya onyesho, iliyotoka mwishoni mwa Julai 1996, iliingia katika nafasi ya tatu kwenye orodha ya mauzo ya Billboard. Watu walinunua sauti yake kwa wingi huku mwenyewe akiwa haonekani.

Aprili 2002 Mike Starr, mpigaji besi wa kwanza wa bendi, alimtembelea. Kwa maelezo ambayo Starr aliyatoa mwenyewe kwenye televisheni mwaka 2010, alimkuta rafiki yake hali yake ni mbaya mno na akataka kupiga simu ya dharura. Staley alikataa na kumtishia kwamba urafiki wao ungekwisha. Starr, ambaye naye alikuwa ametumia dawa siku hiyo, hakupiga. Waligombana, akaondoka. Wachunguzi walikadiria kwamba Staley alifariki siku iliyofuata, tarehe 5 Aprili, kutokana na mchanganyiko wa heroini na kokeni. Alikuwa na miaka 34. Starr alibeba uzito huo hadi alipofariki naye Machi 2011, kwa dawa.

Mwili ulipatikana tarehe 19 Aprili, siku kumi na nne baadaye. Waliogundua kwamba kuna jambo ni wahasibu wake: waliona kwamba fedha hazijatolewa katika akaunti kwa wiki mbili, habari ikamfikia mama yake, naye akaenda nyumbani kwa mwanawe pamoja na polisi. Mtu ambaye sauti yake ilijulikana na mamilioni ya watu, kutoweka kwake kulisomwa kwanza kwenye hesabu za benki.

Kisa cha Starr kinastahili kusomwa polepole na kila mwenye ndugu anayetumia. Alifika, aliona, alitambua, alitaka kuita msaada, kisha alimtii mgonjwa. Katika hatari ya kifo, kukataa kwa mtu ambaye pumzi na akili zake zimezidiwa na dawa si neno la mwisho. Aliyekuta mtu anakoroma kwa kukwama, haamki hata akitikiswa, anapumua kwa nadra na midomo imekuwa ya buluu, amwite mtu wa kumsaidia, asafishe kinywa, ampulizie pumzi ikiwa hapumui, amlaze ubavu akiwa bado anapumua, na amfikishe kituo cha afya bila kusubiri. Kumnywesha maziwa mtu asiye na fahamu, kama wengi wafanyavyo kwa kila aina ya sumu, humhatarisha, kwani maziwa huweza kuingia mapafuni. Kituoni, kazi ya kwanza ni pumzi, kwa mfuko wa kupumulia na oksijeni. Naloksoni ikiwepo, miligramu 0.4 kwa sindano ya msuli au mshipa huweza kurudiwa baada ya dakika mbili au tatu. Mgonjwa aliyezinduka asiruhusiwe kuondoka mara moja, kwa kuwa nguvu ya naloksoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90 na heroini huweza kumrudisha alikotoka. Ikiwa alichanganya na kokeni, naloksoni haitaigusa kokeni, lakini itolewe vilevile.

Kutoka Muhimbili hadi kando ya ziwa

Tanzania ilianza kutoa methadoni Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, huduma ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zilifuata jijini Dar es Salaam, kisha Zanzibar na mikoa mingine. Mwanza nako kuna kliniki, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure.

Mwenye kufika kliniki hizo asubuhi huona kitu kisicho na mvuto wowote wa jukwaani. Kuna foleni, dirisha, kikombe kidogo cha dawa ya maji, na muuguzi anayehakikisha imemezwa. Hasa katika miezi ya mwanzo, mgonjwa hufika kila siku. Utaratibu huo huwachosha wagonjwa, na malalamiko yao yana haki: kazi hucheleweshwa, nauli huisha. Hata hivyo una faida moja ambayo Staley hakuwa nayo. Asipofika, jina lake hubaki wazi katika kitabu siku hiyohiyo, na kabla ya jioni kuna mtu anayejua kwamba hajaonekana.

Kwa mkazi wa Guta utaratibu huo ni mgumu. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma hupita Bunda, na basi halikosekani, lakini hakuna mvuvi wala mkulima anayeweza kusafiri kila siku kwenda Mwanza na kurudi kwa ajili ya kikombe cha dawa. Uchaguzi unabaki kuhamia mjini kwa miezi kadhaa au kuacha. Familia inayoshauriana juu ya jambo hili ielezwe mapema gharama halisi ya kuishi mjini, na nani huko atampokea mgonjwa, maana aliyepewa rufaa bila mahali pa kulala hupotelea njiani.

Ni kweli pia kwamba zahanati nyingi za kando ya ziwa huwaona walevi wa pombe mara nyingi zaidi kuliko watumiaji wa heroini. Tofauti yao ijulikane. Arosto ya heroini humtesa mgonjwa sana lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra kumuua. Mnywaji mkubwa wa gongo anayefungiwa chumbani na ndugu ili aache ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege na kufa ndani ya siku chache. Huyo anahitaji hospitali, diazepamu kwa uangalizi, na thiamini kabla ya glukosi. Methadoni haimfai.

Wapo pia wenyeji wa Bunda walioko katika tiba ya methadoni mijini ambao hurudi nyumbani kwa msiba au harusi, na mara nyingine humkuta mhudumu wa zahanati akiwa hajawahi kuiona dawa hiyo. Mambo machache yatamsaidia. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza sana methadoni mwilini, na efavirenzi na nevirapini hufanya hivyo pia, kwa hiyo mgonjwa wa methadoni aliyeanzishiwa mojawapo na akapata arosto hasemi uongo: dozi yake inahitaji kupandishwa na kliniki yake, wala dawa ya kifua kikuu isisimamishwe. Dolutegraviri haina tatizo hilo. Tramadoli isitolewe kama mbadala wa dozi iliyokosekana, na diazepamu iepukwe, kwa sababu pamoja na methadoni huweza kuzima pumzi. Aliyekosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi hawezi kurudishiwa kiwango chake cha zamani kwa mara moja. Lazima apimwe upya na aanze chini. Namba ya simu ya kliniki kwa kawaida huwa kwenye kadi yake. Apigiwe mtoa huduma wake mgonjwa akiwa bado amekaa hapo, kisha aandikiwe barua inayotaja tarehe ya dozi ya mwisho na dawa nyingine anazotumia, airudi nayo kliniki.